Shamba la Dhahabu, Tuta la Tatu

Nianze na lililo kweli: nilimwonea wivu mwanamke aliyenizidi umri kwa miaka kumi na mitano, mwenye magaga miguuni na pengo la meno mawili mbele. Angalikuwa mzuri ningalijua la kufanya. Ningalikwenda kwake nikapiga kelele mlangoni, majirani wakajaa, mambo yakaisha. Lakini Dhahabu wa Port Reitz hakuwa mzuri, na mume wangu hakuwa mtu wa kuhangaika na wanawake, kwa hiyo wivu wangu ulikosa pa kutua. Ukabaki kifuani mwangu karibu mwaka mzima wa arubaini na saba.

Mume wangu ni Erastus Nzai, Mrabai wa Rabai hasa. Wakati huo alikuwa nyapara wa watu waliochimba mitaro ya barabara ya kutoka Changamwe kwenda kiwanja cha ndege cha Port Reitz. Mimi ni Dorcas, mzaliwa wa Frere Town. Nilisoma shule ya misheni mpaka nikapewa Biblia ya zawadi kwa sababu ya mwandiko wangu, na Biblia hiyo ninayo. Tulipanga vyumba viwili Changamwe. Binti yetu Mapenzi alikaa kwa wazee wangu Kisauni kwa ajili ya shule, basi nyumbani tulibaki wawili, na Erastus si msemaji. Ndivyo nilivyodhani.

Mawe yaliingia nyumbani kwangu mwezi wa Februari. Mzungu mmoja, Bwana Pelham, alikuwa akizunguka bara ya Mombasa na lori, akigonga miamba kwa nyundo ndogo, watu wakamwita Bwana Nyundo. Aliwaambia manyapara wote: mkichimba mkakuta jiwe lenye umbo la konokono aliyejikunja, msilitupe. Wenzake Erastus walicheka wakaenda zao. Yeye hakucheka. Jioni ile alirudi na jiwe la kwanza ndani ya kofia yake, akaliweka mezani, akaniambia, "Mama Mapenzi, hebu tazama."

Nilikuwa nakuna nazi. Nikatazama. Konokono wa jiwe, mkubwa kama kitumbua, mbavu zake zimepangika vizuri kuzunguka mwili. Nikamwambia, "Ondoa uchafu mezani, watu watakula wapi?"

Akaondoa. Nalisema hili mapema ili nisije nikaambiwa nimelificha.

Bwana Nyundo alikuwa na amri moja aliyoirudia mpaka ikachosha. Jiwe lisilojulikana limetoka wapi, alisema, ni jiwe la kujengea. Kila lililookotwa lilifungwa kwa gazeti, na ndani ya gazeti kikaratasi: shamba gani, sehemu gani ya shamba, kina gani, tarehe gani. Sasa Erastus alijifunza kuandika ukubwani, na herufi zake kila moja ina safari yake. Bwana akamlalamikia. Basi kila Jumamosi Erastus alinipa vikaratasi vyake, nami nikavinakili upya kwa wino, na vile vya kwake vikatupwa. Sikuuliza kitu. Nilinakili kama ninavyokunja nguo.

Miezi ya mwanzo niliandika mtaro wa reli, mtaro wa barabara, kando ya daraja. Kisha Juni ikaja. Shamba la Dhahabu, tuta la kwanza. Shamba la Dhahabu, tuta la tatu. Shamba la Dhahabu, chini karibu na mikoko. Jumamosi ya pili nikaandika jina hilo mara tano, na kalamu ikaanza kukwaruza.

"Dhahabu ni nani?" nikamwuliza.

"Mjane mmoja huko Port Reitz. Mtaro wapita ukingoni mwa shamba lake."

"Na mbona siku hizi mawe yote yatoka kwake?"

"Ana mteremko mzuri," akasema, akaendelea kula.

Ana mteremko mzuri. Mwanamume aweza kumwambia mkewe maneno kama hayo kisha akaomba aongezewe mchuzi.

Ningaliweza kuyameza. Lakini siku moja bombani, tulipokuwa tumepanga madebe, jirani yangu Mwanatabu alinigeukia. Mwanatabu huuza mahamri asubuhi, na habari hugawa siku nzima. "Dorcas," akasema, "kumbe mumeo ni bingwa wa hadithi. Mimi siku zote nilimdhania bubu."

"Hadithi gani?"

"Za bahari. Dada yangu alikwenda kwa Dhahabu kununua muhogo, akamkuta mumeo ameketi kwenye jiwe, kofia mapajani, yuwasema. Wallahi, asema dada yangu, muhogo ulimdodea mkononi kwa kusikiliza. Ati hapa Changamwe palikuwa chini ya bahari, na Uhindi ilikuwa jirani yetu. Wewe si umekwisha kuyasikia hayo?"

"Kila siku," nikasema.

Debe langu lilijaa likamwagika nami nimesimama tu. Sikuwa nimesikia hata neno. Miaka kumi na moja ya ndoa, na niliyoyasikia mimi ni chumvi imezidi, shati langu liko wapi, Jumapili tutakwenda ibada ya kwanza au ya pili. Kumbe maneno alikuwa nayo. Alikuwa akiyabeba kutoka Changamwe mpaka Port Reitz akipita mlango wangu, akayamwaga kwenye matuta ya muhogo ya mwanamke mwingine.

Nitakuambia jinsi nilivyouhisi wivu ule, maana watu hudhani wivu wote ni wa kitanda. Angalilala naye ningalimchukia, basi. Lakini yeye alimpa maneno, na hilo sikujua nilichukie vipi.

Kesho yake nikachukua kikapu nikaenda kununua muhogo. Nilivaa gauni langu la kanisani. Najua, gauni la kanisani kwenda kununua muhogo, lakini nilitaka anione.

Shamba lilikuwa kwenye mteremko unaoshuka hadi mikokoni, matuta yamekata kwa upana, moja chini ya jingine kama ngazi. Udongo wake ni ule wa matabaka, mkavu, wa kijivu, ukiukanyaga wavunjika vipande. Mwanamke alikuwa analima, leso moja kiunoni na nyingine begani. Nikangoja niambiwe kwamba huyu ni mamake Dhahabu. Akanyoosha mgongo akanitazama. Hakukuwa na mwingine.

Alikuwa mkubwa kwangu, na mimi nimelelewa. Ikabidi nimwamkie. "Shikamoo," nikasema, na ilinikwaruza ikitoka.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wataka muhogo?"

Sikumwambia mimi ni nani. Nikasema nimesikia habari za mawe. Ungaliona uso wake ulivyofunguka. Alitupa jembe, akanishika mkono mimi mgeni, akanipeleka ukingoni alikokuwa amelundika mawe miaka na miaka, kila lililogongana na jembe lake.

"Haya nilikuwa nayatilia chungu juu yake nikipika," akasema. "Sikujua. Hapa palikuwa bahari, mwanangu. Si hii ya Kilindini, bahari nyingine kabla yake, kabla ya watu. Hawa konokono walikuwa wakielea humo. Bwana yule huwaita amonaiti. Na huko Kachi, kwao Wahindi, wamo hawahawa. Bukini, kile kisiwa kikubwa kusini mwetu, vilevile. Tena kwa mpango mmoja: huyu mwembamba yuko chini, huyu mwenye mbavu nene yuko juu yake, huyu mwenye vijinundu yuko juu kabisa. Ukishuka shamba langu kutoka barabarani mpaka kwenye maji, wazidi kurudi nyuma kwa wakati. Sasa Kachi na Bukini na hapa wakiwa na konokono wa aina moja, wanaofuatana kwa zamu moja, maana yake nini?"

Alingoja nijibu. Nikasema sijui.

"Maana yake walikuwa wakioga bahari moja. Zilikuwa nchi jirani, kisha zikaachana, kila moja ikaenda zake. Wakubwa wenzake Bwana huko Ulaya wengine hawataki kuamini. Ndiyo sababu ataka yale mawe na zamu zao."

Halafu akafungua pindo la leso yake. Ndani mlikuwa na kijiwe cheusi, bapa, urefu wa kidole gumba, na mgongoni mwake mdudu mwenye mwili wa mafungu matatu na pingili nyingi.

Nilikijua. Mwezi wa Mei nilikikuta mfukoni mwa shati la Erastus nilipokuwa nafua. Nikamwambia, "Chawa gani huyu wa jiwe anayenitobolea shati?" Akakichukua mkononi mwangu, akasema ni cha Bwana. Sikukiona tena mpaka siku hiyo, kwenye leso ya Dhahabu.

"Huyu ni trilobaiti," akasema, akilitamka neno polepole, kama mtu anayemtaja mjukuu wake aliyefaulu mtihani. "Bwana alikuja naye kutoka kwao Skotilandi, akampa nyapara. Nyapara akanipa mimi. Yeye ni mkongwe kuliko konokono wangu wote. Hebu sikia ajabu yake. Huko kwao Bwana upo upande wa kaskazini na upande wa kusini, mwendo wa siku chache tu kwa miguu. Nchi moja, nyasi moja, huoni mpaka. Lakini wadudu hawa wa kaskazini hawafanani na wa kusini hata kidogo. Wa kaskazini wafanana na wa Amerika, ng'ambo ya bahari kuu. Maana yake zamani, kati ya kaskazini na kusini palikuwa na bahari. Ikaja ikajifunga. Nchi zikagusana, zikashikana, na leo watu wapita juu yake hawajui. Lakini wadudu walikwisha kukua mbalimbali."

Nilimwelewa, na nilimwelewa kuliko alivyodhani. Nikaiona nyumba yangu Changamwe, vyumba viwili, kitanda kimoja, huoni mpaka. Nikamchukia kwa kunieleza vizuri.

"Nyapara huyo," nikasema, "huja mara nyingi?"

"Mara mbili, mara tatu kwa juma. Ni mtu wa maneno mazuri."

Niliondoka bila kununua muhogo.

Jumamosi iliyofuata Erastus alileta vikaratasi kumi na vinne. Bwana Nyundo alikuwa anarudi Nairobi Ijumaa iliyofuata kwa gari moshi, na haya yalikuwa mawe ya mwisho, yaliyo bora. Yalifuatana kutoka juu ya mteremko hadi chini, zamu nzima, bila pengo. Bwana alimwambia akiyapata hayo, atalinganisha na ya Kachi moja kwa moja, na atamwandika Erastus kazi ya kudumu, atembee naye kutoka Mazeras hadi Kilifi. Haya yote Erastus aliyasema kwa sentensi mbili. Kisha akaenda uwanjani kutazama mpira.

Nikakaa mezani na wino. Kikaratasi cha kwanza, Shamba la Dhahabu. Cha pili, Shamba la Dhahabu. Nikavihesabu vyote, na vyote kumi na vinne ni yeye. Bwana aliwahi kusema kwamba vikaratasi vitakwenda na mawe mpaka Ulaya, viwekwe katika sanduku la kioo, visomwe na watu hata baada ya sisi kufa. Basi mimi, mwenye zawadi ya mwandiko, nitamwandika huyu mwanamke kwa mkono wangu akasomwe Ulaya baada ya mimi kufa.

Sikumwandika. Niliandika mtaro wa reli Changamwe kwa baadhi, kando ya daraja kwa mengine. Na lile zuri kuliko yote, lenye mbavu nene, limekamilika hata ncha, niliandika hivi: Kisauni, kisima cha Mzee Garama. Garama ni babangu. Nikaona kama kuna jina litakalokwenda Ulaya, liende la kwetu. Vikaratasi vya Erastus nikavitia jikoni chini ya birika, nikanywa chai yake. Vipya nikavifunga na mawe magazetini, naye Jumatatu akampelekea Bwana bila kuvifungua.

Niseme nilijuta? Sikujuta. Nililala vizuri siku tatu.

Jumatano Bwana Nyundo alisimamisha lori mbele ya nyumba yetu, Erastus akiwa ndiyo kwanza ametoka kazini. Bwana alikuwa na matope mpaka magotini. Aliingia akaliweka lile jiwe mezani, mahali palepale lilipowekwa jiwe la kwanza, na kando yake mengine yote, yangali ndani ya magazeti.

"Nimetoka Kisauni," akasema. "Nimefurahi sana kusoma kikaratasi hiki, Erastus. Nimeshuka kisimani mwenyewe kwa kamba. Kisima chote ni matumbawe. Juu mpaka chini, matumbawe matupu, ya juzijuzi tu. Jiwe hili halikutoka huko."

Erastus akachukua kikaratasi akasoma. Akaniangalia. Kisha akafungua magazeti mengine, moja moja, akasoma mwandiko wangu mzuri. Alipofika la nane aliacha.

"Nimekosea mimi, Bwana," akasema.

"Yote?"

"Yote. Niliyachanganya."

"Sasa nitajuaje lipi lilikuwa juu na lipi lilikuwa chini?"

Bwana aliyatazama mawe yale kumi na manne, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa. "Basi ni ya kujengea," akasema. "Naondoka Ijumaa." Akatoka.

Tulibaki. Nilingoja anipige, ingawa hakuwahi kunipiga. Nilingoja anitukane. Aliketi, akayatazama mawe, akasema kwa sauti ya kawaida, "Vikaratasi vyangu viko wapi?"

"Nimevichoma."

"Haya."

"Mwambie ni mimi. Kwa nini umejitwika kosa langu?"

"Nimwambie mke wangu amefanya nini? Kwa sababu gani?" Akangoja. Sababu sikuitoa, na yeye hakuihitaji.

"Nenda kwa Dhahabu basi," nikasema. "Yeye atayajua."

"Nikienda utasema nimekwenda kumwona. Siendi. Sitakwenda huko tena, Mama Mapenzi. Umeshinda."

Akaenda kuoga. Mimi nikabaki na ushindi wangu mezani. Nilikuwa nimetaka hasa maneno hayo, sitakwenda huko tena. Nimeyapata, na nikaona jinsi itakavyokuwa: atakaa hapa kila jioni, hatakwenda popote, na hatasema. Mara hii hata Port Reitz hatasema. Nitakuwa naye mzima-mzima, kama jiwe lisilojulikana limetoka wapi.

Alhamisi, alipokwisha kwenda kazini, nikayatia mawe kumi na manne kikapuni, nikajitwika kichwani kwa kata, nikashika njia ya Port Reitz. Mawe yale ni mazito kuliko yanavyoonekana. Shingo iliniuma juma zima. Safari hii sikuvaa gauni la kanisani.

Dhahabu alikuwa palepale, na jembe lake. Nikatua kikapu mbele yake.

"Mimi ni mke wa nyapara," nikasema.

"Najua. Nilijua siku ile. Hakuna anayekuja kununua muhogo na viatu vyeupe."

"Vikaratasi vya mawe haya vimepotea."

"Vimepotea vipi?"

"Nilivichoma."

"Kwa bahati mbaya?"

"La."

Akaliweka jembe kando. Kisha akakaa chini, akanionyesha pa kukaa, akavuta kikapu. Akalitoa la kwanza, akaligeuza, akalilamba kidogo ukingoni, akatema. "Hili la juu, tuta la kwanza. Udongo wake una mchanga." La pili akalipitisha kidole. "Kovu hili ni jembe langu. Tuta la tatu, kando ya ule mnazi ulioanguka. Nililipiga nikadhani nimevunja jembe." Moja lilikuwa na weusi wa moshi. "Hili nilipikia miaka minne. Lilitoka tuta la tano, mume wangu akiwa hai." Hakubahatisha. Mawili aliyaweka kando, akayafikiria, akasimama akayapeleka mpaka kwenye tuta, akayafananisha na udongo, akarudi akasema. Mtu hawezi kulima mteremko mmoja miaka ishirini na mitano akausahau.

Niliandika magotini. Tuta la tatu, kando ya mnazi ulioanguka. Nikasimama kwenye neno la shamba.

"Mumeo marehemu aliitwa nani?" nikauliza.

"Randu. Watu wote hapa huita kwa Randu. Ukiuliza shamba la Dhahabu hutaonyeshwa na mtu."

Kalamu ikakaa hewani. Kwa Randu. Hata jina hilo Erastus alikuwa amelichagua mwenyewe, akalipita jina linalojulikana na kila mtu akaandika lake. Na hapo mlango ukawa wazi mbele yangu. Niandike kwa Randu, iwe kweli tupu, Bwana aridhike, na jina la huyu mwanamke lisifike popote.

"Niandike lipi?" nikasema.

Mikono yake ilikuwa imelishika lile pindo la leso lenye yule mdudu. "Andika alivyoandika yeye," akasema.

Nikajua basi kwamba si mimi peke yangu niliyeyataka maneno yake.

Niliandika Shamba la Dhahabu mara kumi na nne. Sikuharibu hata herufi moja. Nilipomaliza alinisaidia kufunga magazeti, na tulipokuwa tunafunga alisema, bila kuinua uso, "Hajanigusa. Hata mkono. Lijue hilo."

"Nalijua."

"Lakini ningalikuwa wewe ningaliona wivu vilevile."

Angalinitukana ningalishukuru. Nilitaka aniambie nimekosea, kwamba hapakuwa na kitu, nirudi nyumbani nikacheke ujinga wangu. Hakunipa. Akafungua leso, akanitolea yule mdudu wake wa mafungu matatu. "Chukua. Ni cha mumeo."

"Alikupa wewe," nikasema. "Mimi nilimkuta mfukoni nikamwita chawa."

Akakirudisha. Akanitwika kikapu.

Jioni ile niliyapanga mawe mezani kwa zamu, la juu mpaka la chini. Erastus aliporudi alisoma kikaratasi kimoja, cha pili, akafika cha mwisho. Alinitazama shingo nilivyokuwa nimeikaza, akaenda akaleta mafuta ya nazi, akayaweka karibu yangu.

Ijumaa asubuhi aliyapeleka stesheni kwa baiskeli. Bwana Nyundo, aliniambia baadaye, aliyafungua yote palepale jukwaani, abiria wakimpita, akayapanga juu ya sanduku lake, akayatazama tangu la kwanza hadi la mwisho, kisha akamshika Erastus mkono, akaushika sana. Yakapakiwa. Kazi ya Mazeras hadi Kilifi ikawa yake, kuanzia mwezi uliofuata.

Alirudi mapema siku hiyo, jua lingali juu. Nikaandaa wali, nikaketi mbele yake, jambo ambalo si desturi yangu, mimi hula jikoni. Moyo ulikuwa ukinipiga kama wa msichana anayechumbiwa.

"Baba Mapenzi," nikasema, "hebu niambie habari za hiyo bahari."

Alisimamisha tonge. "Ipi?"

"Ya zamani. Ya konokono."

Alinichungulia kuona kama namfanyia mzaha. Alipoona simfanyii, akanawa mkono, akasogeza sahani. Akaanza. Akaanza vibaya, akirudi nyuma, akijisahihisha, kisha maneno yakashika njia yake. Mikono ikainuka. Sijawahi kuiona mikono ile ikifanya vile. Akaitandaza Kachi upande huu wa meza na Bukini upande ule, akapitisha bahari katikati kwa kiganja. Nilikuwa nimekwisha kuyasikia yote, tena yalisemwa vizuri zaidi, lakini nikayapokea kama mapya, nikitikisa kichwa panapostahili.

Akafika kwa Mhindi wa duka la hapa Changamwe, ambaye kwao ni Kachi. "Kwa hiyo," akasema, "yule bwana akituambia sukari imekwisha, nayo iko nyuma ya gunia, anamnyima jirani yake wa tangu dunia haijawa na watu."

Akanyamaza. Aliniangalia, mdomo umeshaanza kufunguka kwa tabasamu, kidole kimoja juu, akingoja. Ilikuwa ni kituo alichokizoea. Kilikuwa kimekatwa kwa kipimo cha mtu mwingine, na nikakijua urefu wake wote, kwamba hapo ndipo Dhahabu hucheka.

Nikacheka. Akaendelea.